Unaporambaza, Unapima Kasi Ipi?

Boti inarambaza katika mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Pemba na bara, msimu wa kusi. Nahodha ameambiwa kwamba chambo chake cha plastiki kinataka noti 6, naye ni mtu makini: jicho halibanduki kwenye kioo cha GPS, mkono haubanduki kwenye mafuta. Anakwenda kaskazini kwa noti 6, anageuza, anarudi kusini kwa noti 6 zile zile. Kwa hesabu ya kioo, chambo kimevutwa kwa kasi moja kwenda na kurudi. Kwa hesabu ya samaki, zimepita boti mbili tofauti kabisa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na kusi ikishika unaweza kufikia noti 3 na zaidi, tuchukue 2.5 tu. Boti ikielekea kaskazini imebebwa: katika zile noti 6, mbili na nusu ni mwendo wa maji yenyewe, na chambo kinapasua maji kwa 3.5. Ikirudi kusini inaupanda mkondo, na ili kioo kisome 6 inaibidi ipasue maji kwa 8.5.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Nguvu ya maji dhidi ya kitu kinachovutwa haipandi sambamba na kasi. Hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukitoka noti 5 kwenda 6, chambo kinakabwa na maji kwa asilimia 44 zaidi. Ukitoka 3.5 kwenda 8.5, nguvu inakaribia mara sita. Chambo kilichotengenezwa kicheze kwenye noti 6 kitajiburura bila uhai kwenye 3.5, na kwenye 8.5 kitaruka juu ya maji au kujizungusha mpaka mshipi usokoteke usifae tena. Kisha watu wa chomboni watasema samaki wa leo wanakula boti ikielekea upande fulani tu, na jioni maneno hayo yatakuwa kanuni ya kijiweni. Ninachokitetea hapa ni kwamba mwenye kurambaza anahitaji kujua kasi ya chombo ndani ya maji, ambayo ni habari nyingine na kasi ya chombo juu ya ardhi iliyo chini ya maji hayo. Na kasi hiyo ya maji inapimika vizuri kwa vifaa vya bei ndogo, maadamu mpimaji anajua kila kifaa chake kinapima nini.

Kwanza suala la vizio, ambalo nalipita haraka ingawa linawaponza wengi. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Programu nyingi za simu hufunguka zikihesabu kilomita au maili za nchi kavu. Sita ya kilomita ni noti 3.2 tu, sita ya maili za nchi kavu ni 5.2. Kabla ya kumlaumu samaki, tazama herufi ndogo zilizo pembeni ya tarakimu.

Mwenye GPS atanijibu kwamba kifaa chake hakikosei. Simbishii. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti yanayotumiwa na raia, na tangu hapo hata kipokezi cha bei ya chini kimekuwa cha kuaminika. Kasi yenyewe haipatikani kwa kulinganisha nukta mbili za ramani peke yake. Vipokezi vingi hupima jinsi masafa ya mawimbi yanavyobadilika kwa sababu ya mwendo, ndiyo maana tarakimu hutulia upesi chombo kikienda sawasawa. Kasoro ni kwamba jibu hilo sahihi ni la swali jingine. GPS inamwambia nahodha saa ngapi atafika Wete, lakini haina habari yoyote ya maji yaliyo chini ya mkuku. Abiria anayetembea kuelekea tezi ndani ya kivuko cha Kigamboni bado anasogea Kigamboni. Mpime kwa GPS nawe utaambiwa anakwenda mbele. Samaki na chambo wote wamo ndani ya kivuko.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wazee wa ngalawa. Wamevuta nguru na jodari kwa tanga maisha yao yote, hawakuwahi kupima kitu, na watoto walisoma kwa samaki hao. Ni kweli, ila tutazame walichokuwa wakikifanya. Mshipi ulikuwa mkononi, umepita juu ya kidole, na mtetemo wake ulimwambia mzee kama chambo kinacheza au kimekufa. Upepo ulipozidi alilegeza demani, ulipopungua aliikaza. Hicho nacho ni kipimo, tena ni kipimo cha kasi ya maji hasa, ambacho mkondo hauwezi kukidanganya. Ndiyo sababu mzee wa ngalawa huweza kurudi na nguru siku ambayo boti ya kitalii yenye vioo vitatu imerudi mikono mitupu. Udhaifu wa kipimo chake uko mahali pengine. Mtetemo hausimuliki kwa kijana wala hauandikwi daftarini. Na kwenye boti ya faiba yenye fimbo tano, huku injini ikitikisa kila ubao, hakuna kidole cha kusikiliza mishipi yote. Kinachotakiwa ni kuibadilisha habari ile ile aliyokuwa nayo mzee iwe tarakimu.

Njia ya kwanza haina gharama. Shika uelekeo mmoja kwa dira, weka mkono wa mafuta mahali pamoja na usiuguse. Subiri kidogo chombo kitulie, kisha soma GPS kwa dakika mbili hivi na uandike wastani. Geuza, shika uelekeo ulio kinyume kabisa, mafuta yale yale, soma tena. Ukipata 8.5 upande mmoja na 3.5 upande wa pili, jumlisha ugawe kwa mbili: chombo kinapasua maji kwa noti 6. Nusu ya tofauti, noti 2.5, ni mkondo. Hesabu hii ni sahihi pale tu unapokwenda sambamba na mkondo, kwa hiyo lazima kwanza ujue mkondo unaelekea wapi. Wengi huzima injini wakaacha chombo kielee, kisha wakasoma GPS. Lakini chombo chepesi chenye ubavu mrefu husukumwa na upepo pia, na wakati wa kusi utasoma upepo ukadhani ni maji. Teremsha ndoo kwa kamba kutoka omo, ijae maji ikishike chombo, na usomaji utakaribia mwendo wa maji yenyewe. Pia usiweke muda mrefu kati ya kwenda na kurudi. Nje kwenye maji makuu mkondo hubadilika taratibu, bali kwenye milango ya miamba, kama Kinasi kule Mafia, maji ya bamvua yanaweza kuiharibu hesabu kabla hujaimaliza.

Hesabu hiyo hiyo inatoa ushauri mmoja kwa mtu ambaye hana chochote isipokuwa simu. Chombo kinachopasua maji kwa noti 6 kikivuka mkondo wa 2.5 kwa pembe ya nyuzi 90, GPS itasoma 6.5. Kosa limeshuka kutoka noti mbili na nusu hadi nusu noti. Kwa hiyo, usipoweza kupima, rambaza kwa kuukata mkondo, kutoka bara kuelekea nje na kurudi, badala ya kuupanda na kuushuka. Utapelekwa kaskazini kidogo kidogo, hilo halikwepeki, na ukiwa unafuata ukingo wa mwamba unaokwenda sambamba na pwani ushauri huu haukufai. Hapo inabidi upime kweli.

Kwa kupima kweli, sijui kifaa kilicho bora kwa bei yake kuliko kibao na kamba. Mabaharia wa Ulaya wa karne zilizopita walitupa majini kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyotoka huku mchanga ukimwagika katika chupa ya sekunde 28. Leo saa imo ndani ya simu, kwa hiyo mafundo mawili yanatosha. Tafuta kibao chembamba cha pembetatu, ukubwa wa sahani, ukipigilie risasi upande mmoja ili kisimame wima majini, kisha kifunge kwenye pembe zote tatu kwa kamba nyembamba isiyovutika. Mita kama kumi za mwanzo ni za kukitoa kibao nje ya maji yaliyovurugwa na propela. Mwisho wake weka fundo la kwanza. Kutoka hapo pima mita 30 na sentimita 87, weka fundo la pili. Urefu huo unaonekana wa ajabu, ila unakuondolea kazi ya hesabu: gawa 60 kwa sekunde zilizopita kati ya fundo na fundo, na jibu ni noti. Sekunde 10 ni noti 6, sekunde 12 ni noti 5, sekunde 15 ni noti 4, na saba na nusu ni noti 8.

Kuna watakaouliza kwa nini isiwe njia nyepesi zaidi ya kutupa kipande cha mti omo na kuhesabu mpaka kifike tezi. Inafaa kwa jahazi refu. Kwenye boti ambayo kutoka alama hadi alama ni mita sita, kwa noti 6 kijiti kinapita kwa muda usiofika sekunde mbili, na kidole kikichelewa kwenye saa kwa sehemu tatu za kumi ya sekunde umekosea karibu noti nzima. Kwenye kamba yetu kuchelewa kule kule hakukugharimu hata sehemu mbili za kumi ya noti. Yapo ya kuzingatia. Kamba iachwe itoke bila kuzuiwa, kwani ukiishika kidogo tu unakiburura kibao na utasoma kasi ndogo kuliko ilivyo. Nailoni ikilowa hurefuka, hivyo ipime upya ikiwa mbichi. Mmoja awe kwenye usukani na mwingine kwenye kamba, na kamba itoke ubavuni mbali na propela. Hili la mwisho si la usahihi, ni la usalama. Rudia mara tatu, uchukue jibu la kati. Kukivuta kibao kilichosimama wima ni kazi ya jasho, ndiyo maana mabaharia wale walifunga moja ya zile pembe kwa kijiti kinachochomoka kwa mkupuo, kibao kikalala na kurudi kwa urahisi.

Hata hivyo hakuna awezaye kutupa kibao kila robo saa huku mishipi minne iko majini. Kibao ni cha kusahihishia vipimo vingine, na kipimo cha kufanya kazi kutwa nzima naona kiwe mizani. Nasema ile mizani ya springi ya kuning'iniza wanayopimia samaki dikoni. Ifunge tezi, uning'inize kwake mshipi mfupi wenye chubwi nzito na kitu kidogo kinachokamata maji, kama kifuniko cha plastiki kilichotobolewa. Siku ya maji tulivu, pima kasi kwa kibao na uandike mizani inasoma nini. Kama ikisoma kilo 1 kwenye noti 5, itasoma karibu kilo 1.4 kwenye noti 6 na karibu kilo 2 kwenye noti 7, kwa sababu ya kile kipeo cha pili. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: badiliko la noti moja, ambalo jicho halilioni kwenye povu, linaonekana waziwazi kwenye mshale wa mizani. Tena mizani haijui ardhi iko wapi. Inasoma maji, kama kidole cha mzee. Itakudanganya kwa mambo mawili tu: mwani ukinasa, au kile kinachovutwa kikipanda mpaka juu ya maji. Kwa hiyo chubwi iwe nzito ya kutosha kubaki chini hata kwenye kasi ya juu unayokusudia.

Wenye boti kubwa watasema wana kile kigurudumu chenye mapezi kinachofungwa chini ya chombo na kuhesabu mizunguko. Ni kizuri kikiwa kisafi. Katika maji ya joto ya kwetu viumbe hukiota upesi, na kikiota husoma pungufu bila kutoa dalili, kwa hiyo nacho kisahihishwe kwa kwenda na kurudi. Mizunguko ya injini ni kipimo dhaifu zaidi: idadi ile ile ya mizunguko hutoa kasi moja chombo kikiwa kitupu na nyingine kikiwa na barafu, mafuta na watu sita, na upepo wa omo hupunguza zaidi. Faida yake ni kushikilia kasi ambayo imeshapimwa kwa njia nyingine.

Suala la kina ni gumu zaidi, na wanaovuta chambo cha juu wanaweza kuliruka. Maji ya chini si lazima yaende na maji ya juu. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambako samoni wa Pasifiki walipandikizwa katika Ziwa Michigan mwaka 1966 na 1967, wavuvi hushusha chambo kwa risasi nzito kwenye waya hadi kina kirefu, na wengi wao hufunga karibu na risasi hiyo kifaa kinachotuma juu kasi na joto la maji ya kule chini. Wanalipia kifaa hicho kwa sababu wamejionea kwamba kasi ya juu na kasi ya chini huachana. Kwetu, anayeshusha chubwi kumfuata nguru kando ya mwamba anaweza kupata sehemu ya habari hiyo kwa kutazama mshipi wake unaingia majini kwa mlalo gani. Ikiwa kibao kinasema kasi ya juu haijabadilika lakini mshipi umelala zaidi, huko chini maji yanakwenda kinyume nawe, au mwani umenasa. Chambo nacho kimepanda, kwa kuwa mshipi unaolala hubeba chubwi juu. Hapo usikimbilie kuongeza uzito. Punguza mafuta kwanza.

Bado sijamjibu anayeona yote haya ni usumbufu wa bure, kwa hoja kwamba jodari au sulisuli huogelea kwa kasi ambayo boti inayorambaza haiifikii, hivyo akitaka chambo atakipata. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunashindana mbio na samaki. Kasi inapimwa kwa ajili ya chambo. Samaki mbichi aliyetungwa ndoanoni, kibua kwa mfano, hulainika na kuanza kuzunguka akivutwa haraka. Chambo bandia chenye ulimi mbele huzama na kuyumba ndani ya kipimo fulani cha kasi, na nje ya kipimo hicho hulala ubavu au hutoka majini. Vile vyenye kichwa cha plastiki na mikia hutaka mwendo ndipo vitoe povu. Uwezo wa samaki kukifikia chambo haumfanyi atake kuuma kitu kisichofanana na chakula. Hata mwenye kubaki na shaka atakubali jambo la mafuta, ambayo kwenye boti ya injini ni gharama isiyo na huruma: anayeshikilia noti 6 za kioo huku anaupanda mkondo anachoma mafuta ya noti 8.5 kutwa, na chambo chake kinaruka.

Mawimbi nayo yanahitaji subira. Mawimbi marefu ya kusi yakija kwa nyuma, chombo kinateremka kwa noti 8 na kupanda kwa 5 ndani ya sekunde chache, na programu nyingi za simu hulainisha tarakimu kwa kuchelewa, kiasi kwamba unachokisoma ni cha wimbi lililopita. Nahodha anayefukuza tarakimu hiyo kwa mkono wa mafuta anazidisha kuyumba. Soma kwa dakika nzima, uchukue wastani, uache mafuta yatulie. Kona ndiyo inayokupa jaribio la bure: chombo kikigeuka, mshipi wa nje huenda kasi kuliko chombo na wa ndani hupungua. Samaki wakiuma mara kwa mara kwenye mshipi wa nje tu, ongeza nusu noti ukinyooka. Wakiuma kwenye wa ndani, punguza. Mara moja haithibitishi kitu.

Yote haya yana faida yakiandikwa, na yaandikwe pamoja na uelekeo. "Noti 6, jodari wawili" ni maandishi yasiyo na kazi. Andika uelekeo wa dira, kasi ya GPS, kasi ya maji, maji yanajaa au yanakupwa, bamvua au maji mafu, na aina ya chambo. Msimu nao uandikwe. Wakati wa kaskazi, ambapo wavuvi wa mchezo wa Malindi na Watamu hutoka kwa wingi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini na kukutana na ule wa Afrika Mashariki kwenye bahari ya Kenya, hivyo hesabu ya Kiunga inaweza kuwa kinyume cha hesabu ya Tanga siku hiyo hiyo. Wanaorambaza sangara kuzunguka Rubondo au Mfangano katika Ziwa Victoria wana nafuu: kwa siku nyingi maji ya juu huenda polepole, na GPS peke yake haiwapotezi sana, isipokuwa upepo ukiwa umevuma upande mmoja kwa saa nyingi. Na kama umechora alama za kasi kwenye mkono wa mafuta, zitumike kwa tahadhari, ziwani na baharini. Ukisafisha chini ya chombo, ukibadilisha propela au ukipakia watu wawili zaidi, zifute, na kabla ya kushusha mshipi rudia safari ile ya kwenda na kurudi kwa dira.